Msimu wa picha kubwa umeisha, na wachekeshaji wamehamia kwenye simu

Fundi_Friji (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni.

Nijieleze kwanza, maana najua kuna mtu atauliza "umeziona wapi zote hizo". Nakaa Moshi, Soweto. Kazi yangu ni friji na viyoyozi, na kazi hiyo hunipeleka Arusha karibu kila wiki. Nikimaliza mapema, badala ya kukimbilia stendi naingia sinema onyesho la saa 9 alasiri, halafu ndiyo napanda Coaster ya kurudi. Mke wangu zamani alikuwa anagomba. Siku hizi anauliza tu, "Leo steringi kafa?" Namjibu steringi hafi, anageukia ukuta analala.

Kwa wasiofuatilia: Wamarekani humwaga picha zao kubwa kuanzia Mei mpaka mwanzoni mwa Septemba, kwao ni joto na shule zimefungwa. Mtindo huo ulishika kasi tangu Jaws, ile picha ya papa ya Juni 1975. Sasa miezi hiyo hiyo huku kwetu ni kipupwe. Unakaa unaangalia watu wa kaptura wanakimbizana ufukweni, wewe umejifunika shuka la Kimasai, na juu ya kichwa chako kiyoyozi kinapuliza kama tuko Dar. Mwezi wa 7, Arusha! Halafu ubaya wa ufundi, ukishasikia compresa inagonga huwezi kuacha kuisikia. Kuna mahali kwenye Superman mtu na mpenzi wake wanaongea taratibu, ukumbi kimya, watu wanafuta machozi. Mimi nasikia beringi imekwisha.

Haya, picha zenyewe. Mwaka 2025 niliona nyingi, nitasema zile zilizonikaa.

Nianze na mzee Tom Cruise, Mission: Impossible – The Final Reckoning, ya 8 tangu waanze mwaka 1996. Inakaribia saa 2 na dakika 50. Saa ya kwanza ni kikao cha harusi. Nasema kweli. Huyu anasimama anaeleza hali ilivyo, anakaa, anasimama mwingine anaeleza hiyo hiyo kwa sauti nzito zaidi, na katikati wanatuonyesha vipande vya picha zilizopita kama vile mweka hazina anasoma ahadi za kikao cha nyuma. Adui mwenyewe ni programu ya kompyuta. Haina uso, haina mbavu za kupigwa, hata kuichukia vizuri huwezi. Jirani yangu alilala, bisi zikamwagika.

Halafu picha likaanza. Jamaa anaingia peke yake kwenye nyambizi iliyozama chini ya barafu, nyambizi inabingirika na yeye ndani, maji yanahama upande, makombora yanadondoka, na hakuna anayefungua mdomo kueleza chochote. Pale nilisahau hata kiyoyozi. Na mwishoni yule mtu aliyekuwa na miaka 62 picha ilipotoka ananing'inia kwenye bawa la kindege cha mabawa mawili juu ya milima ya Afrika Kusini, upepo unamvuta mashavu yanapepea kama kanga kwenye kamba. Anateleza, anashika chuma, anateleza tena. Ukumbi mzima ulicheka. Hakuna aliyetoa kichekesho, ila tulicheka kile kicheko cha mtu anayemwona mwenzake juu ya mparachichi na suruali imeanza kuteremka. Nikatoka saa 12 na ushei, Coaster zimejaa, nikarudi kwenye Noah nimekunjwa kama godoro.

Superman ya James Gunn nimeipenda kuliko nilivyotegemea. Inaanza mwamba amepigwa, yuko chini kwenye theluji, anapiga mluzi. Badala ya jeshi anakuja mbwa, tena mbwa asiye na adabu, anamrukia kwenye mbavu zilizovunjika. Kuna mahali dude kubwa kama ghorofa linabomoa mji na yeye anahangaika kumwokoa kindi. Kindi! Watoto waliokaa mbele yangu walishangilia kindi kuliko mji. Na msisahau yule Mister Terrific ni Edi Gathegi, mzaliwa wa Nairobi. Ile sehemu yuko kwenye kambi ya adui na tufe zake, anawachapa watu kama anafukuza inzi mezani, hata uso haubadilishi, mimi kwangu ndiyo ngumi bora ya mwaka. Mwisho wa picha mji unapasuka katikati kama chapati na hapo nikaanza kuangalia saa. Wanadhani tukiona maghorofa mengi yanaanguka ndiyo tunaogopa zaidi. Ghorofa la 1 naliogopa. La 40 nafikiria fundi wake nani.

F1 ya Brad Pitt hadithi yake ni ya kale kama sungura na fisi: mzee aliyeshindwa ujanani anarudi, anakuta kijana ana kiburi, wanagombana, wanapatana. Lakini magari ni ya kweli, waigizaji wameyaendesha wenyewe kwenye viwanja vya mashindano, na mlio ule unaingia mpaka kwenye meno. Nyuma yangu walikaa madereva wawili wa watalii, nadhani wageni wao walikuwa hotelini wamepumzika. Picha lote wanabishana kuhusu matairi. "Hapo angeweka magumu." "Weka magumu uone kona ile." Mmoja akasema, "Huyu mzee mpe Landkruza, mpeleke Ngorongoro mwezi wa 4 tope limeiva, ndiyo tujue kama ni dereva." Nilicheka kuliko nilivyocheka kwenye picha tatu nyingine zote.

Jurassic World Rebirth: karatasi ya chokoleti imeingia kwenye mashine, maabara nzima imeanguka. Ndivyo inavyoanza. Kama fundi nimeumia, ila kama fundi naamini. Ile ya mjusi mkubwa na boti ya upepo mtoni ni nzuri. Basi.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya nifungue uzi.

The Naked Gun, Liam Neeson. Dakika 85 tu. Ile ya kwanza ya mwaka 1988 ilikuwa ya Leslie Nielsen, hii Neeson anacheza mtoto wa yule askari. Jamaa alikuwa na miaka 73 picha ilipotoka na maisha yake yote tumezoea kumwona anapiga simu kutishia watu waliomteka binti. Hapa anatumia sura ile ile. Hacheki hata mara moja, na ndiyo siri yenyewe. Kila anapokwenda kuna mtu anamkabidhi kikombe cha kahawa, anakipokea kwa heshima kama shahidi anapokea msahafu. Halafu kuna safari ya mapenzi kwenye nyumba ya mlimani, yeye na Pamela Anderson, inaingia na mtu wa theluji, na sitasema zaidi.

Tulikuwa watu 7 ukumbini. Saba! Nilicheka, nikasikia kicheko changu kinarudi kutoka ukutani, nikaona aibu. Mama mmoja mbele aligeuka kunitazama. Baada ya hapo nikawa nacheka puani.

Na nusu ya vichekesho vyake vimekaa kwenye maneno ya Kiingereza yenye sura mbili. Mtu anaulizwa hiki, anajibu kile. Ni kama umweleze Mzungu kichekesho cha kaa: kaa wa baharini, kaa la moto, kaa chini. Ukimaliza kumfafanulia ni saa 2 usiku na hakuna aliyecheka. Ngumi haitaki kamusi. Kwa hiyo naelewa kwa nini wenye kumbi wanapenda milipuko.

Lakini angalieni mambo yalivyogeuka. Happy Gilmore 2 ya Adam Sandler imetoka Julai moja kwa moja Netflix. Eddie Murphy, The Pickup, Agosti, Prime Video. Heads of State ya Idris Elba na John Cena, Julai, Prime Video. Vichekesho vyote simu, milipuko yote ukumbini. Mimi naona wamepindua. Mlipuko naweza kuutazama peke yangu nikauelewa vizuri tu. Kucheka peke yangu ndiyo siwezi.

Nitawapa mfano. Heads of State nimeitazama kwa bando langu, usiku, spika za masikioni nisiamshe watoto. Waziri Mkuu wa Uingereza na Rais wa Marekani ndege yao imetunguliwa, wametua Belarus kwa miavuli, wanatukanana kama makondakta wa stendi wanaogombea abiria. Nilikaa nusu saa uso mkavu. Mke wangu akaamka kunywa maji, akakaa kitandani pembeni, nikamtolea spika moja ya sikio. Akacheka. Nikarudisha nyuma nikamwonyesha pale nilipopita kimya. Akacheka tena, na mimi nikacheka mpaka mtoto akaamka. Picha ni ile ile!

Swali langu kwenu: nyie mnachekea wapi siku hizi? Naomba kuwasilisha.

Chalii_wa_Sakina

Nimewahi siti ya mbele, bisi mkononi. Hapo kwenye "la 40 nafikiria fundi wake nani" mbavu sina aisee.

Dada_wa_Kijenge

Kaka yangu Fundi, uzi mzuri ila umeandika kama mwanaume anayemaliza kazi saa 8 mchana. Mimi nafunga duka saa 1 jioni. Onyesho linalonifaa ni la saa 3 usiku. Picha ya saa 2 na dakika 50 ikianza saa 3, ongeza matangazo na trela, natoka saa 6 na kitu. Hapo nje bodaboda anakuangalia kwanza, ndiyo anataja bei. Nikijumlisha nauli ya kurudi na tiketi, nauli inakaribia kushinda.

Ndiyo maana nimeipenda Nobody 2. Dakika 89, baba anapeleka familia kwenye mji wa michezo ya watoto, mtu anampiga mwanawe kakofi kadogo, basi, mji mzima unapigwa. Kwa saa 5 kasoro nilikuwa kitandani. Wangerudi kutengeneza picha fupi tungejaa hizo siti zao.

Na kucheka mimi nachekea sebuleni na wadogo zangu. Tukifika kwenye cha kuchekesha tunasimamisha, mmoja anaigiza, tunaendelea. Ukumbini nani atanisimamishia?

Fundi_Friji

Dada hapo umenipiga. Saa 9 alasiri sikuifikiria kama ni anasa.

Bondia_wa_Mtandaoni

Uzi mrefu kama treni la mizigo. Muvi zote hizo mimi ninazo kwenye flashi, nimewekewa maktaba pale kwa bei ya chapati mbili. Tiketi ya nini? Mnapenda kuonekana.

Chalii_wa_Sakina

Flashi yenyewe picha imerekodiwa na simu ukumbini, kichwa cha mtu kinapita katikati ya skrini anaenda chooni. Superman umemwona wewe au umeona kisogo?

Bondia_wa_Mtandaoni

Kisogo nacho ni sehemu ya picha.

Mstaafu_wa_Themi

Vijana, habari za jioni.

Nimesoma nikacheka, maana mnaongelea ngumi na vichekesho kana kwamba ni vitu viwili. Hapa hapa Arusha walikuja watu kutengeneza picha ambayo ni vyote viwili, na ninyi mnapita kila siku mahali ilipopigwa. Hatari!, ya Howard Hawks, steringi John Wayne. Walipiga kati ya 1960 na 1961, Tanganyika haijapata uhuru, kambi yao Momella chini ya Mlima Meru. Ikatoka Marekani Juni 1962, yaani ni picha ya kiangazi hasa kwa hesabu ya mleta mada.

Kazi ya wale watu ndani ya picha ni kukamata wanyama wa kupeleka kwenye bustani za wanyama. Wale twiga na vifaru unaowaona wanafukuzwa na gari, wanafukuzwa kweli, na walioshika kamba ni waigizaji wenyewe. Kuna kifaru aliwatoroka wakati wanapiga picha, wakamkamata tena kamera ikiwa inazunguka, na wameliacha hivyo hivyo. Vumbi lile ni letu. Halafu baada ya kifaru anakuja yule mfupi Red Buttons na roketi yake ya kurusha wavu juu ya mti kukamata tumbili, amejifunga mavazi ya ajabu, amefumba macho asione kitakachotokea. Moyo bado unadunda kwa kifaru na wewe unacheka. Mwishoni kuna tembo wadogo wanamfukuza mwanamke mitaani Arusha mpaka wanaingia hotelini.

Niliiona nikiwa kijana, ukumbi umejaa, na kila gari lilipopita mtaa fulani watu walikuwa wanapiga kelele: "Kwa Mhindi pale! Kwa Mhindi pale!" Nusu ya maneno hatukuyasikia. Ni ya dakika 157 na sikumbuki mtu aliyetoka, isipokuwa mmoja aliyetolewa kwa sababu ya ulevi.

Yule Mjerumani wa kwenye picha, Hardy Krüger, alipapenda akanunua shamba huko huko Momella akaishi miaka.

Fundi_Friji

Shikamoo mzee. Nimefanya kazi ya friji huko Momella mara mbili na sikujua kitu. Asante sana.

Mstaafu_wa_Themi

Marahaba mwanangu. Ila wanyama walionewa, hilo nalisema pia. Siku hizi ukimkimbiza twiga na gari hivyo utajieleza mahakamani.

Mama_Wawili_Usa

Jamani na sisi wa King Majuto je? Alifariki Nane Nane 2018, na mpaka leo kila Nane Nane nikipita Njiro kwenye maonyesho namkumbuka. Mzee yule alikuwa anaingia tu mlangoni, hajasema neno, watu chini. Huyo Neeson wenu amechelewa. Uso wa kukaza tulikuwa nao Tanga.

Fundi_Friji

Mama hilo halina ubishi. Majuto alikuwa anaweza kukuchekesha kwa kuvuta kiti.

Mwana_Majengo

Mleta mada, wewe si mtu wa Moshi? Mbona unahangaika na Coaster mpaka Arusha na huku Majengo tunacheka kila Jumamosi? Kuna kibanda umiza hapa, chumba cha kuonyeshea video kwa kiingilio, sitataja kilipo kwa sababu ninyi wa mtandaoni mna midomo. Dijei wetu ni chalii wa hapa hapa, anatafsiri moja kwa moja akiwa amekaa pembeni ya luninga na maiki. Wiki hii anashusha hiyo hiyo ya askari wa kahawa. Kiingilio shilingi 500. Njoo uone kama utacheka puani.

Fundi_Friji

Mkuu, bila kukuvunjia heshima, mimi watafsiri hawa wananiudhi. Tangu enzi za kanda za Lufufu, yule mtafsiri wa picha wa zamani, wapo wanaojua na wapo wanaopiga kelele tu. Picha ya mapenzi mtu anakuingizia "piga huyo!" Na hiyo ya Neeson imekaa kwenye maneno, atatafsiri nini?

Dada_wa_Kijenge

Na mwenye picha anapata nini kwenye hiyo 500? Nauliza tu.

Mwana_Majengo

Hapati kitu dada, siwezi kukudanganya. Ila picha hiyo Moshi hakuna aliyeniletea ukumbini nikaikataa.

Bondia_wa_Mtandaoni

Naunga mkono hoja. Kisogo oyee.

Fundi_Friji

*(mrejesho, Jumapili)*

Wakuu nimeenda.

Chumba ni kama gereji, mabati juu, mabenchi ya mbao, dirisha limezibwa na turubai la bluu. Luninga ya inchi 43 imefungwa ukutani kwa waya. Nilihesabu watu 38 nikaacha, maana waliendelea kuingia. Joto! Nikajikuta nakumbuka kile kiyoyozi cha Arusha kwa mapenzi. Dijei ni kijana mwembamba, fulana ya mpira, ana chupa ya maji na taulo begani kama bondia kwenye kona.

Nilikaa nimekunja mikono. Picha ikaanza, kile kipande cha benki, msichana mdogo wa shule anaingia katikati ya majambazi na pipi yake, kumbe ni Neeson. Dijei hakutafsiri kitu. Alisema taratibu, kama mwalimu wa zamu: "Huyu mtoto ada hajalipa." Benchi langu likatikisika.

Neeson akabatizwa jina hapo hapo, Afande Mkavu. Pale kwenye maneno ya sura mbili nilimtegea nione atafanyaje. Hakuhangaika nayo hata kidogo. Askari anaulizwa kitu, dijei anamjibia lake kabisa, la Majengo, na mdomo wa Neeson unaenda nao sawasawa. Kikombe cha kwanza cha kahawa akanyamaza. Cha pili akanyamaza. Cha tatu: "Afande, hapa ni ofisini au msibani?" Cha nne hakusema kitu, mzee mmoja wa nyuma ndiye aliyedakia: "Ndiyo maana Kibosho kahawa imeisha!" Hapo hata dijei alishindwa kuendelea, tukawa tunasikia pumzi zake kwenye spika. Mimi nilikuwa nimemshika mtu nisiyemjua begani.

Tukafika kwenye nyumba ya mlimani. Wale wawili wamemtengeneza mtu wa theluji, anaanza kupata uhai, ndiyo umeme ukakatika.

Giza totoro. Nikadhani watu watadai hela. Hakuna aliyesimama. Kimya kidogo, halafu sauti ya dijei bila maiki, kavu, kutoka pale alipo: "Sasa yule mtu wa barafu... ana wivu."

Akaendelea. Dakika 10, labda 15, sijui. Nimeiona picha ile ukumbini kwa tiketi halali, naapa hakuna hata kimoja alichosema ambacho kimo ndani yake. Mtu wa barafu alidai mahari. Alienda kwa mjumbe. Alipelekwa Himo akaanza kuyeyuka, wakamkimbiza kwenye bucha wamhifadhi kwenye friji, friji haina gesi, na dijei akaita gizani, "Fundi friji yupo humu ndani?" Sijui nani alimwambia. Mwana_Majengo, nakushuku wewe. Nilijibu "Nipo!" na sauti yangu ikavunjika kwa kucheka, na nyumba nzima ikalipuka.

Umeme ukarudi. Luninga ikawaka bluu, inatafuta flashi, imerudi mwanzo kabisa. Yule mzee wa nyuma akapiga kelele: "Zima hiyo! Endelea wewe!"

Wakazima.

Chalii_wa_Sakina

Dah.

Mwana_Majengo

Mimi simo. Ulivaa fulana yenye picha ya kiyoyozi na namba ya simu mgongoni, mkuu.

Mama_Wawili_Usa

Nimecheka kama mazuri, chai imenipalia. "Ana wivu"!

Mstaafu_wa_Themi

Mahari alidai kiasi gani?

Fundi_Friji

Ng'ombe wawili mzee, na awekewe kwenye barafu.

Dada_wa_Kijenge

Jumamosi ijayo anashusha nini? Na wanaanza saa ngapi? Niwahi gari la mwisho.

Mwana_Majengo

Saa 10 jioni dada, saa 1 kasoro umeshatoka. Anashusha F1. Njoo na kitu cha kujipepea, na benchi la mbele karibu na mlango nitakushikia.

Bondia_wa_Mtandaoni

Nishikieni na mimi. Nalipa 500 yangu.